Aliyesimama Ndani ya Diski

Siku yangu ya kwanza kazini, kama fundi wa kompyuta, nilinyang'anywa klipu ya karatasi. Nilifika ofisini Moshi mjini na gauni jipya, nywele zimesukwa mpaka zinanivuta macho, na fomu zangu za ajira nimezibana kwa klipu. Msimamizi wa Mitambo, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, aliichomoa klipu ile, akaitia mfukoni, akaniambia fomu nizikunje. Nikadhani ni uchoyo. Baadaye ndipo akanionyesha kitundu kidogo usoni mwa kisomea diski, kile cha kuingizia waya wakati trei imegoma kutoka.

"Humu ofisini mtu akikutwa ameingiza klipu hapa," akasema, "anarudi kwao kulima."

Ninyi mnaosoma haya mnachomoa flashi kama mnang'oa magugu, halafu mnashangaa picha za harusi zimepotelea wapi. Sisi hatukufundishwa hivyo. Mashine zetu ziliendeshwa na Unix, na baadaye ndugu yake Linux. Humo hamna diski C wala D. Kuna mti mmoja tu wa mafolda, wenye shina moja, na diski yoyote unayoingiza lazima uipachike kwenye tawi kwa amri ya mount. Ukishaipachika inakuwa sehemu ya mti, na mlango wa kisomea unajifunga. Bonyeza kitufe mpaka kidole kiote sugu, trei haitoki ng'o. Ili itoke ni lazima uipachue kwa amri ya umount, na hapo mashine kwanza inamalizia kuandika kila ilichokuwa bado imekishika kichwani. Maana mashine hizi zina tabia ya kukuambia nimeandika, kumbe bado. Ukiivuta diski kabla, unaondoka na nusu ya kazi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili mlishike, kwa sababu habari yangu yote iko hapo. Mashine hizi hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu kwa jina lake na nywila yake. Mtu akiingia kwenye folda iliyo ndani ya diski, hata asipofungua kitu, hata akikaa tu, mashine inahesabu kwamba amesimama mle. Akiwa amesimama mle, diski haipachuki. Mashine inakujibu kwamba kifaa kina shughuli, basi, inanyamaza. Kazi yako ni kumtafuta huyo mwenye shughuli ni nani.

Kutoka ofisi ile nilipelekwa mtaa wa Pasua, kwenye zahanati moja iliyozungukwa na wauza mitumba na mama ntilie. Mkuu wangu pale alikuwa Mganga Mfawidhi, mtu mwema, ila subira alinyimwa. Siku moja aliivuta kwa nguvu diski yenye kumbukumbu za chanjo, ikatoka imeharibika. Tukazunguka mitaani kuwauliza kina mama upya, mtoto huyu alichomwa lini, na huyu je. Wengine walitucheka, wengine walitutukana. Toka siku hiyo sikuhitaji kukumbushwa tena.

Kisha nikahamishiwa hospitali moja huko juu, upande wa Machame. Jina lake nalihifadhi, watu wake bado wako kazini. Huko ndiko nilikomkuta Mzee Anaeli, Mkuu wa Kitengo cha Mitambo. Mrefu, mkimya, sweta la kijani la sufu mwaka mzima, jua liwake au lisiwake. Alikuwa anakama ng'ombe wake alfajiri kabla ya kuja kazini, kwa hiyo chumba cha mitambo kilikuwa na harufu ya maziwa na moshi wa kuni, na mimi mtoto wa Old Moshi niliizoea kwa siku chache tu. Kabla ya kugusa mashine alikuwa anagonga kasha lake kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hodi." Nilimtania sana kwa hilo. Nikamwuliza, siku ikiitika karibu, wewe utakimbilia wapi? Alicheka mara moja moja, na siku hiyo alicheka.

Utaratibu wake wa kutoa diski ulikuwa hivi. Diski ikigoma, unaandika amri ya fuser, nayo inakutajia jina la aliyeishika. Halafu unatazama amesimama kwenye folda ipi. Halafu unamwandikia ujumbe mfupi kwa amri ya write, unaotokea kwenye skrini yake, unamwomba apishe. Kumtoa kwa nguvu ni amri ya kill, yaani kuua, na yeye hakuipenda hata kuitaja.

"Hapa ni sawa na kihambani kwa mtu," aliniambia. Kihamba, kwa wageni wa huku, ni shamba la ukoo, lenye nyumba, migomba na makaburi ya wazee humo humo. "Ukimkuta mtu amesimama kwenye migomba yake humbebi ukamtupa njiani. Unamsalimia. Unamwuliza ana nini hapo. Labda ana sababu."

Mzee Anaeli alifariki wakati wa masika, homa ya siku chache tu. Tulimzika kwake, chini ya migomba, mvua inanyesha mpaka mchungaji akafupisha neno. Niliumia sana. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mingi kuliko niliyokaa na baba yangu mzazi.

Niliporudi kazini, Katibu wa Hospitali, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wetu sote kwa mambo ya utawala, aliniuliza kuhusu jina la marehemu kwenye mashine. Kwa kanuni, mtu akiondoka kazini jina lake linafutwa. Lakini ukoo ulikuwa haujamaliza msiba. Siku ya kumaliza, ndugu hukusanyika, mbege, pombe yetu ya ndizi, hupikwa, vitu vya marehemu hugawanywa, na hapo ndipo watu husema sasa amekwenda. Kabla ya hapo, nani angethubutu kuketi na kuandika amri ya kumfuta mtu? Mimi sikuthubutu. Katibu naye, pamoja na ukali wake wote, alikuwa mtoto wa huku huku. Alikuna kichwa, akasema jina liachwe mpaka watu wake wamalize. Skrini na kibodi yake tukazipeleka stoo. Nywila yake alikufa nayo, hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mchana wenye ukungu, ule unaoshuka kutoka msituni na kuziba madirisha mpaka unawasha taa mapema. Kulikuwa na binti mmoja anaitwa Aikande, mgonjwa wa figo. Alikuwa anapelekwa kwenye hospitali kubwa kufanyiwa upasuaji, aondolewe figo moja iliyooza, abaki na nzima. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshawashwa nje, yeye amelazwa humo na mama yake pembeni. Kilichobaki ni diski ya picha zake, ambayo daktari wa kule angeitazama kabla ya kupasua.

Masijala waliniletea jina na namba ya jalada. Nikachukua kwenye droo ya Mzee Anaeli diski moja ya zile za kuandikwa na kufutwa, nikaipachika, nikanakili folda ya Aikande kutoka ghala kuu la picha. Kazi ndogo. Nikaandika amri ya kuipachua. Mashine ikajibu kwamba kifaa kina shughuli.

Nilidhani ni mimi mwenyewe nimesahau kutoka, hutokea. Nikatazama, mimi sikuwa mle. Taa ya kisomea ikawaka, ikazima, ikawaka tena taratibu, namna inavyofanya mtu anaposoma folda moja baada ya nyingine bila haraka. Nikaandika fuser. Ikanitajia jina la aliyesimama ndani ya diski. Jina lilikuwa anaeli.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Mtu hawezi kusimama ndani ya diski kabla haijapachikwa, na mimi nilikuwa nimetoka kuipachika sasa hivi. Kwa hiyo yeyote aliyekuwa mle aliingia nyuma yangu, mimi nikiwa nimeketi pale pale. Na baada ya mazishi umeme ulikuwa umewahi kukatika, mashine ikazima na kuwaka upya, hivyo hakuna mtu angeweza kubaki ameingia tangu zamani. Nikauliza mashine huyo anaeli ameingilia wapi. Ikajibu kwamba yuko kwenye skrini yake mwenyewe, ile iliyokuwa stoo imefunikwa shuka. Niligeuka kutazama pale ilipokuwa imekaa. Palikuwa na meza tu, na alama ya vumbi.

Niseme ukweli, niliogopa. Nilitaka kutoka niende kwenye gari nikakae na watu.

Katibu akaingia, mkali, dereva ameshapiga honi. Nikamwonyesha skrini. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Alipozungumza alizungumza kwa haraka, kama mtu anayetaka jambo lipite kabla hajalifikiri.

"Muue tu," akasema.

Kisha akasikia alichosema. Tulitazamana. Nje ukungu ulikuwa umekaribia hadi kwenye kioo, na kisomea kilikuwa kinazunguka kwa mlio ule ule mdogo. Nikamwambia, Bwana Katibu, tufanye mzee alivyotufundisha. Kama ni hitilafu ya mashine, itaonekana. Kama si hitilafu, basi ana sababu.

Nikatazama amesimama kwenye folda ipi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba diski ile haikuwa tupu. Chini kabisa kulikuwa na folda nyingine, ya zamani kidogo, iliyowekwa na Mzee Anaeli mwenyewe siku za mwisho kabla hajaugua. Nayo jina lake ni Aikande, na jina la ukoo ni lile lile. Humo ndimo alimosimama. Kwenye folda niliyoinakili mimi, hakuwepo.

Mimi si daktari. Nilifungua picha moja ya huku na moja ya huku, nikaona tu kwamba hazifanani. Nikamwomba Katibu amwite Daktari wa zamu. Alikuja akiwa bado amevaa glavu mkono mmoja, akainama kwenye skrini, akazipitia picha za folda zote mbili. Akasema hawa ni watu wawili. Wa folda ya mzee, figo mbovu ni ya kulia. Wa folda niliyopewa na masijala, mbovu ni ya kushoto. Akaniuliza aliyeko garini ni yupi. Sikujua. Hakuna aliyejua ndani ya chumba kile.

Tukatoka hadi kwenye gari. Mama wa binti alikuwa ameshika mkono wa mwanawe, kanga imelowa ukungu. Daktari alimsalimia, akamwuliza kwa upole kama kuna mwingine katika ukoo mwenye jina la Aikande.

"Yuko," akasema yule mama, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo linalojulikana na wote. "Wa shemeji yangu. Wote wawili wamepewa jina la bibi yao, si ndiyo desturi? Na ugonjwa huu umo humu ukoo mzima. Yule ni wa kushoto. Wangu ni wa kulia."

Hivyo ndivyo tunavyoitana huku mlimani. Binti wa kwanza wa kila mwana hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo nyumba ya wana wanne inaweza kuwa na mabinti wanne wa jina moja, na tukifika hospitalini tunaandikisha jina la mtoto na la ukoo, tunaona inatosha. Masijala walichukua jalada la kwanza walilokutana nalo. Binti yule angelala mezani kule mbali, daktari aitazame picha ya binamu yake, atoe figo ya kushoto iliyokuwa nzima. Angebaki na ile iliyooza. Daktari wa zamu alijiegemeza kwenye mlango wa gari, akasema neno moja tu la Kichagga ambalo siandiki hapa.

Nilirudi chumbani peke yangu. Katibu alisema ananifuata, hakunifuata. Nikafuta ile folda niliyoileta mimi, ikabaki ya mzee. Kisha nikaandika amri ya write na jina lake. Nikakosea, nikafuta, nikaandika upya: Shikamoo Mzee. Tumeona. Ni wa kulia. Naomba utupishe diski iende.

Nikangoja. Sitawadanganya kwamba nilijibiwa, hakuna neno lililotokea. Taa ya kisomea iliwaka kidogo, ikazima, na mlio ukashuka mpaka ukanyamaza. Nikauliza tena nani yumo ndani ya diski. Hakuna mtu. Nikaandika umount, mashine ikakubali bila neno, nikaandika eject, na trei ikatoka yenyewe polepole. Chumba kizima kilikuwa kinanuka maziwa na moshi wa kuni. Nililia pale pale, sijui kwa hofu au kwa kumkumbuka, huenda vyote.

Diski ikaenda. Binti akapasuliwa, upande wa kulia.

Siku ya kumaliza msiba nilipanda kwa Mzee Anaeli na wafanyakazi wenzangu. Watu walikuwa wengi, mbege inazunguka kwenye vibuyu. Nilingoja mjane atulie, nikamfuata jikoni, nikamsimulia yote. Nilijiandaa kuambiwa nimechanganyikiwa. Yeye aliendelea kukoroga chungu, akaniambia kwamba siku mzee alipozidiwa alikuwa hatulii, anasema kuna kazi ya mtoto wa jirani ameiacha nusu, na watakuja kumchanganya na mwenzake. Walidhani ni homa inasema.

"Sasa kalifuteni jina," akaniambia. "Kazi yake imekwisha."

Kesho yake nilikaa mbele ya mashine, nikagonga kasha kwa kifundo cha kidole, nikasema hodi. Nikamfuta. Halikutokea jambo lolote, na kitengo kikawa changu mpaka nilipostaafu.

Nimestaafu sasa. Niko kwangu Old Moshi, nina ng'ombe wawili wakorofi na migomba inayohitaji samadi kuliko ninavyoweza kubeba. Diski zenyewe zimebaki chache, vijana wanatuma picha kwa njia ya mtandao, ingawa mtandao ukikatika huko juu bado wanairudia droo yetu ile ile. Siku yangu ya mwisho nilimkabidhi kitengo Joyce, fundi niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu, mwenye mkono mtulivu. Tulilifuta jina langu pamoja, yeye akiandika, mimi nikitazama. Nilitaka nione limefutika kwa macho yangu. Nikaenda nyumbani na moyo mweupe, nikijua sikuacha kitu nusu.

Juzi nilikuwa uani namenya ndizi za mtori, simu ikalia. Joyce. Akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba. Akauliza niko wapi. Nikamwambia niko kwangu, ningekuwa wapi tena. Akauliza kama nimewahi kurudi hospitalini kuanzia ile siku tulipoagana. Nikamwambia sijarudi, kwani kuna nini?

"Mama, kuna mgonjwa anasubiri kwenye gari," akasema, "na diski imekataa kutoka. Kuna mtu amesimama ndani. Mashine inataja jina lako."

Nilijifinya shavu. Liliuma, nikashukuru kuwa bado niko hai. Kisu kilikuwa kimeniponyoka kwenye beseni la ndizi, na ng'ombe wote wawili walikuwa wamegeuka wananitazama. Nyuma ya Joyce nilisikia sauti ya mwanamume, huenda ni Katibu mpya, akimhimiza atafute klipu waivute, gari linachelewa.

"Joyce, usiivute," nikamwambia. "Tazama kwanza nimesimama kwa nani."